Mhakiki Kutoka Porvenir

Jumanne, 1 Septemba 2009

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la mama yako: lifunge. Kama huwezi, basi lisome kimya, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa usimwambie Wladimir Cárcamo. Nina mama, nina paka, nina mkataba unaokwisha tarehe thelathini ya mwezi huu.

Mimi ni Anselmo Oyarzún, karani wa jarida la kisayansi la konokono la chuo hapa Valdivia. Miaka ishirini na sita. Shahada moja na nusu.

Leo mkutano. Daktari Hortensia Manquián, mhariri wetu, aliuliza kwa nini makala ikae miezi ishirini na sita kabla ya kuchapishwa. Mdomo wangu ukafunguka bila kuniomba ruhusa: tuweke makala kwenye mtandao, tufungue blogu, chini ya kila makala tuache nafasi ya maoni, wataalamu wabishane hadharani badala ya kunong'onezana kwa barua. Mimi ndiye niliyesema!

Daktari akatazama mvua dirishani. Akasema haya, mwanangu, una mwezi mmoja. Wataalamu wakizungumza humo, mkataba wako utaongezwa. Wakinyamaza, jarida litabaki la karatasi, na kwa karatasi Wladimir anatosha.

Wladimir ni karani mwenzangu. Anasimamia gundi, bahasha na stempu, na anajiona askofu. Mlangoni aliniambia konokono wenyewe watatoa maoni kabla ya hao wataalamu. Nilicheka kwa adabu. Nyumbani nimeupiga mto ngumi kumi na moja.

Alhamisi, 3 Septemba

Blogu iko hewani. Makala tatu. Nimewaandikia wataalamu mia mbili na arobaini, kila mmoja kwa jina lake na cheo chake.

Maoni hadi jioni: moja. La muuza dawa ya upara.

Wladimir amelichapa, amelibandika ubaoni karibu na birika, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Sayansi yasonga mbele." Daktari amelisoma akisubiri maji yachemke. Amemimina chai akaenda zake. Afadhali angenitukana!

Jumatatu, 7 Septemba

Maoni: bado moja. Nawachukia wataalamu. Nawachukia wote mia mbili na arobaini! Kwenye korido wana midomo kama tarumbeta, kila mmoja anajua makosa ya mwenzake tangu enzi za utawala wa kijeshi. Ukiwafungulia ukurasa waandike, wanageuka mawe. Wanaogopa nini? Mimi ndiye mwenye haki ya kuogopa. Wao wana kazi za kudumu!

Saa nne na robo nimefanya jambo. Nalieleza kwa kifupi. Nimemzaa, kichwani mwangu, Daktari Eduvina Bórquez, mtafiti wa kujitegemea, mkazi wa Porvenir, kule Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya nchi. Nimechagua Porvenir kwa sababu hakuna anayekwenda Porvenir. Ameandika aya moja, ya heshima lakini kali, kuhusu matamvua ya kupumulia ya konokono wa mtoni. Nimesoma matamvua kwa miaka mitatu. Hakuna aliyewahi kuniuliza lolote.

Kufikia saa saba mchana, watu wanne wamemjibu. Wanne! Mmoja kutoka Montevideo amemwita "mwenzetu mtukufu." Mimi wao huniita "kijana wa bahasha."

Nimefurahi. Kisha nimekasirika upya.

Alhamisi, 10 Septemba

Maoni: hamsini na tatu. Ya Eduvina ni kumi na tisa. Daktari ameyasoma kwa sauti mbele yetu huku akipigapiga goti. Amesema huyu mwanamke ana meno. Amesema tumekaa tukisubiri mtu kama huyu miaka kumi. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwake, nimeshika sahani ya biskuti!

Halafu ameniagiza nimtumie Eduvina makala namba arobaini na moja aihakiki.

Utaratibu wetu ni huu. Mwandishi hajui nani anamhakiki, na mhakiki hajui anamhakiki nani. Wladimir hufuta majina kwenye makala, mimi huituma ikiwa na namba tu. Basi nimejitumia makala. Nimejishukuru kwa barua pepe. Nimejijibu kwamba ni heshima kubwa.

Jambo la kutiliwa maanani: Wladimir amenijia mara tatu kuuliza kama arobaini na moja imeondoka. Mara tatu! Na tangu Julai anajigamba kwamba naye anaandika makala. Sihitaji kuambiwa zaidi.

Ijumaa, 18 Septemba

Sikukuu ya Taifa. Mama amekanda empanada, sambusa zetu za nyama na kitunguu, tangu alfajiri, na mjomba ameshafungua pombe ya chicha. Nimesema nakwenda kununua mkate. Nimekwenda ofisini. Nyumbani hatuna kompyuta, na hasira yangu haiwezi kungoja Jumatatu.

Chuo kizima kitupu. Nje wanacheza ngoma ya cueca, leso hewani. Ndani, mimi na makala ya Wladimir.

Nimeandika kurasa sita! Sijawahi kuandika vizuri hivyo maishani mwangu. Nimesema hoja zinatambaa na hazifiki. Nimesema jedwali la pili lilipaswa kubaki tumboni mwa mwandishi. Nimesema picha ya ukurasa wa tisa inaonyesha gamba lililojizungusha kushoto, ilhali konokono huyu hujizungusha kulia tangu dunia iumbwe, na mtu asiyejua kulia na kushoto asipewe konokono, apewe gundi. Mwisho nimependekeza makala ikataliwe na mwandishi atafute shughuli nyingine ya kujaza siku zake.

Nimeituma saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nimerudi nyumbani bila mkate. Nimekula empanada nne.

Jumatatu, 21 Septemba

Wladimir anapiga mluzi.

Nilidhani ni mluzi wa mtu aliyevunjika moyo. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa upole kama kuna habari yoyote ya makala yake. Akashangaa. Makala yake gani? Hajamaliza hata kichwa cha habari. Kisha akainama sikioni mwangu, harufu ya kitunguu cha sikukuu bado mdomoni, akasema: "Arobaini na moja ni ya Daktari mwenyewe, bwana. Konokono wake wa mto Cruces. Miaka thelathini na mmoja ya kazi. Huyo bibi wako wa Porvenir amemchinja kama kondoo."

Daktari hajatoka chumbani kwake tangu asubuhi. Chai yake imepoa mlangoni. Nimeibadilisha mara mbili.

Nina hasira na Wladimir kwa kutokuwa mwandishi wa makala ile. Naandika nikijua sentensi hiyo haina haki. Naiacha ilivyo.

Jumanne, 22 Septemba

Eduvina amemwandikia Daktari barua ya upole. Amesema alikuwa na homa. Amesema alipoisoma tena aliona lulu nyingi.

Jibu limekuja baada ya nusu saa. Daktari hataki lulu. Anasema miaka mingi watu wamemsifu kwa kuwa yeye ndiye mhariri, na huyu ndiye wa kwanza kumwambia ukweli. Anamwalika kwenye mhadhara wa Jumatatu tarehe ishirini na nane. Atampokea mwenyewe kwenye kituo cha mabasi. Atakuwa amevaa koti la kijani.

Mimi ndiye niliyeagizwa kutafuta chumba cha mgeni! Nimeuliza kwa sauti iliyonitoka kama ya panya kama mgeni atapenda dirisha la mtoni. Daktari akasema bila shaka, mwanangu, aweze kuwaona simba-bahari.

Alhamisi, 24 Septemba

Saa tatu na nusu asubuhi Daktari Eduvina Bórquez amefariki dunia. Ameteleza kwenye mwamba akiokota konokono. Habari imeletwa kwenye blogu na mpwa wake, ambaye pia ni mimi.

Maoni hadi saa kumi: mia moja na nane! Rambirambi kutoka Montevideo, Xalapa, Cartagena. Profesa mmoja anakumbuka walivyokula naye samaki mwaka 1994. Mwongo mkubwa! Kwa nini watu hawaoni haya?

Daktari amelia. Mbele yetu, bila kujificha, miwani mkononi. Sikuwahi kumwona akilia. Nikamletea maji.

Wladimir akauliza mazishi ni saa ngapi. Akauliza kanisa gani. Akaandika majibu yangu kwenye bahasha.

Jumanne, 29 Septemba

Nimeitwa. Wladimir alikuwa ndani tayari, amekaa kama mwali.

Mezani kulikuwa na karatasi moja. Wladimir alikuwa amepiga simu parokia ya Porvenir, polisi wa Porvenir, na duka la mikate la Porvenir. Hakuna Eduvina, hai wala maiti. Kisha akaorodhesha saa ambazo Eduvina alikuwa akiandika. Kila siku baada ya saa mbili asubuhi, ofisi inapofunguliwa, kamwe si wakati wa chakula cha mchana, na kimya kabisa Jumatano moja niliyokwenda kung'olewa jino.

Daktari hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi. Akasema yeye alijua tangu jana, kituoni. Alikwenda hata hivyo, koti la kijani mwilini, kwa sababu hakutaka kuamini kwamba Eduvina amekufa. Akiwa amesimama pale kwenye mvua akakumbuka tarehe ya uhakiki.

"Tarehe kumi na nane asubuhi, Anselmo," akasema. "Siku hiyo nchi nzima ina empanada mdomoni. Hata Porvenir. Hata mapadri. Mtu anayekwenda kazini siku hiyo ni yule anayeogopa kufukuzwa kazi."

Nikasema ndiyo, Daktari.

Akafungua droo, akatoa picha ya slaidi, akainyanyua kwenye taa. Gamba lilijizungusha kulia. Akauliza ni nani aliyeskani slaidi zake mia mbili mwezi wa nane. Ni mimi. Akauliza ni nani aliyeiweka hii kinyumenyume. Kwa hiyo kosa la ukurasa wa tisa nililifanya mimi mwenyewe, na nikamtukana mwenye makala kwa kosa langu, kwa aya nzima! Wladimir akakohoa ili asicheke.

Lakini kuhusu jedwali la pili, Daktari akasema, yule mwanamke yuko sahihi. Na kuhusu hoja. Ameiondoa makala. Ataiandika upya, na blogu itaendelea, maana kati ya wale waongo wapo kumi na wawili wanaosema kitu. Wladimir ataisimamia.

Wladimir! Ambaye bado anabofya kwa vidole viwili!

Nikakusanya ujasiri wote niliorithi, ambao ni mdogo, nikauliza kuhusu mkataba.

Daktari akavaa miwani yake polepole. Akasema: "Eduvina ningempa kazi leo hii, mwanangu. Meza, ofisi, funguo, kila kitu. Lakini Eduvina ulimuua."

Jumatano, 30 Septemba

Siku ya mwisho. Nimerudisha funguo, kikombe na mkasi. Wladimir amenipa mkono na kusema hana kinyongo. Ana kinyongo gani yeye? Mwenye kinyongo ni mimi! Nimemwambia asante sana, Don Wladimir. Nimetembea hadi soko la samaki kando ya mto kwa hasira, nimewatazama simba-bahari wakipiga kelele, wamenona, hakuna anayewauliza mkataba.

Mama ameuliza kwa nini nimerudi mapema. Nimesema kuna mapumziko.

Mchana nimekaa na mawazo yangu na nimejichunguza kwa uaminifu kabisa. Kosa langu liko wazi. Nilifanya haraka kumuua. Daktari amesema mwenyewe, mbele ya shahidi, kwamba angempa kazi leo hii.

Saa tisa nimekwenda kwenye duka la intaneti la mtaa wa Picarte. Kumbe taarifa za kifo zilikuwa za kutatanisha. Mpwa alitaharuki. Daktari Eduvina alivunjika paja tu, alilazwa hospitali ya mbali, simu hazikufika. Sasa anaendelea vizuri. Amesikia kwamba jarida halina karani na ameleta maombi rasmi. Kwa kuwa hawezi kusafiri, atafanya kazi zote kwa mtandao, kutoka kitandani. Mdhamini wake ni kijana mwadilifu anayemfahamu kwa karibu, Anselmo Oyarzún.

Barua imeondoka saa kumi kamili. Nangoja jibu.

Nawe msomaji, kama una neno la kunisaidia, usije nyumbani, Mama atakukaribisha chai na kukuhoji. Usipige simu, paka ameitafuna waya. Usiandike kwa jina langu. Tuma barua pepe kwa anwani ya Daktari Eduvina Bórquez, iko chini ya kila maoni yake. Mwanzo umuulize hali ya paja, nijue wewe si Wladimir. Nitakujibu siku hiyohiyo, hata ikiwa sikukuu.