Pacha Mmoja Yuko Columbia

Jumamosi, 1 Machi

Siku mbaya. Ilianza vizuri.

Asubuhi nilikwenda Wheaton kunyoa kwa Sebastian. Sebastian ni mtu wa Songea, hodari wa mkasi, hodari zaidi wa mdomo. Kwenye kiti cha pili alikuwa Njuguna, Mkenya anayeishi mji wa Columbia, ambaye kama mimi hukusanya bastola ndogo za mfukoni za karne ya kumi na tisa. Katika eneo lote la Washington simjui Mwafrika Mashariki mwingine mwenye ugonjwa huu. Mtu angedhani tungekuwa marafiki.

Njuguna akatoa simu kunionyesha alichopata mnadani. Bastola ya kike, inaenea kiganjani. Nikeli, mpini wa lulu, maua ya waridi yamechongwa kwenye silinda. Ni yangu! Ile niliyoikuta kwenye kopo la vifungo, siku wanauza vitu vya bibi mmoja marehemu huko Bowie. Halafu akakuza picha, nikaona nambari. Yangu inaishia na saba. Yake inaishia na nane.

Mapacha. Walitoka kiwandani pamoja. Sasa Saba yuko kwangu Lanham, kwenye kabati la kioo lenye taa. Nane yuko kwa Njuguna, anayetunza bastola zake kwenye droo ya soksi.

Nikamwomba aniuzie. Akacheka, akasema nimuuzie yeye yangu. Nami nikacheka. Changu hakikuwa kicheko.

Maonyesho ya wakusanyaji ni tarehe kumi na tano. Meza bora inapewa utepe wa bluu. Mwaka jana meza yangu ilisifiwa kwa kitambaa. Nikiwa na mapacha wote wawili, utepe ni wangu. Nane lazima aje nyumbani.

Jumapili, 2 Machi

Mpango wa kwanza: ukarimu. Nikamwalika Njuguna na mkewe Jeptoo chakula cha mchana. Mke wangu Domina akapika pilau na kuku wa nazi. Alifurahi mno, akasema hatimaye nimeanza kupenda watu. Sikumrekebisha.

Baada ya sahani ya kwanza nikamwambia Njuguna nitampa bastola zangu mbili anipe Nane. Akakataa. Baada ya ya pili nikapandisha hadi tatu. Akakataa, akaomba achari. Baada ya ya tatu akasema Nane anaonekana mpweke, kwa hiyo nifikirie vizuri kumwachia Saba. Waliondoka na pilau lililobaki, kwenye kontena letu zuri lenye mfuniko.

Domina na Jeptoo wamebadilishana namba. Wote wawili ni wauguzi. Hatari ndogo, nadhani.

Jumanne, 4 Machi

Ninaendesha basi dogo la hoteli, kupeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Kazi nzuri kwa mtu anayefikiri. Leo, foleni ikiwa imesimama kwenye Beltway, barabara ya kuizunguka Washington, na Mjerumani mmoja akihema nyuma yangu kwa kuchelewa ndege, nikapata wazo.

Njuguna hauzi kwa sababu anampenda Nane. Basi amwogope.

Historia yenyewe hii hapa, nimeitunga mwenyewe kabla hatujafika. Daktari wa meno wa Baltimore alimnunulia mkewe bastola mbili. Mke akamkamata daktari na mpiga piano. Akailaani ile ya pili. Tangu siku hiyo, nyumba yoyote anamokaa Nane haina amani: kazi zinapotea, migongo inauma, watoto wanafeli. Saba hana neno. Saba ni malaika.

Mjerumani aliwahi ndege. Dalili njema.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nikapakwa majivu, nikaambiwa nitubu. Kutoka kanisani nikanyoosha hadi Wheaton.

Nilimsimulia Sebastian ile laana, majivu yakiwa bado usoni. Nadhani yalisaidia. Nikamwambia ni siri, asimwambie mtu, hasa Njuguna, maskini, atahangaika. Sebastian akaapa. Alipoapa nikajua kazi imekwisha.

Nilikuwa nimenyoa Jumamosi tu, kwa hiyo ilibidi anyoe tena ili nionekane nina sababu. Sasa nina kichwa kama yai.

Kwaresima hii nimeacha nyama na bia. Mipango sikuitaja.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya. Nikampigia Njuguna kumjulia hali. Nikauliza mgongo. Akasema mgongo uko poa. Nikauliza kazi. Akasema kazi iko sawa, na Jeptoo amepandishwa cheo jana, sasa anasimamia wodi nzima. Nikampa pole. Akauliza pole ya nini. Nikasema ya majukumu.

Nane anachelewa kuanza.

Jumapili, 9 Machi

Balaa.

Baada ya misa ya Kiswahili nilikuwa naweka sukari kwenye chai ukumbini, nikaona kina mama wamemzunguka Domina. Mmoja amemshika mkono kama mtu aliyefiwa. Alipokuja kwangu uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akanivuta mkono mpaka kwenye gari, akanieleza.

Sebastian ameiboresha historia yangu. Kwake pacha ni pacha, na laana haiwezi kuchagua mmoja. Kwa hiyo sasa mke wa daktari wa meno aliwalaani wote wawili, tena Saba ndiye mbaya zaidi kwa sababu ndiye mkubwa. Mpiga piano ameondolewa. Simulizi ilikuwa nzuri zaidi na yeye ndani.

Domina akaanza kuhesabu kwa vidole. Mgongo wake unamuuma tangu Krismasi. Binti yetu Anna amefeli mtihani wa udereva, mara ya pili. Mama mkwe wangu huko Kagera alianguka kisimani mwezi wa kwanza. Anna, kiti cha nyuma, akasema kwa Kiingereza chake kwamba alifeli kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Hakuna aliyemsikiliza.

Kisha Domina akanigeukia.

"Baba Anna, wewe ulikuwa unajua?"

Swali gumu. Nikisema nilijua, nimemletea mkosi ndani na kumwekea taa. Nikisema nimetunga, nimetunga nikiwa na majivu usoni. Nikatafuta njia ya katikati. Nikasema nilisikia kitu kama hicho lakini sikukitilia maanani.

Hiyo haikuwa njia ya katikati. Domina alilia mpaka Lanham, polepole, akijifuta kwa ukosi wa koti. Hakulia hivyo hata siku tulipofukuzwa nyumba ya kwanza. Niliumia kweli. Nusura nimwambie. Tulipofika kwenye maegesho nilifungua mdomo, nikasema kesho kutanyesha.

Jumatatu, 10 Machi

Domina amesema Saba halali tena ndani ya nyumba. Nikamficha kwenye buti la gari langu, chini ya tairi la akiba. Kwa dakika moja nilifikiria kumweka kwenye basi la hoteli. Halafu nikakumbuka basi linakwenda wapi. Mimi ni mjinga, lakini si kiasi cha kwenda uwanja wa ndege na bastola, hata kama haijafyatuliwa tangu enzi za farasi.

Nikampigia Sebastian kumwomba arekebishe: laana ni ya Nane peke yake. Akasema siwezi kumfundisha yeye habari hiyo, ameipata kwa mtu anayejua. Nikamkumbusha kwamba mtu huyo ni mimi. Akasema, basi nilimsimulia vibaya.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi kazini nimekuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Kikundi cha sala. Wamefungua kabati langu la kioo.

Mama mmoja wa Bukavu, ambaye kila akimaliza sentensi husema "voilà", yaani "ndiyo hivyo" kwa Kifaransa, alikuwa anaziombea bastola moja moja. Kwa mafuta ya zeituni. Halafu chumvi. Chumvi, kwenye nikeli ya miaka mia na arobaini! Mkusanyaji hafuti hata vumbi bila kufikiri mara mbili. Rangi ya uzee ndiyo thamani yenyewe. Nilitaka kupiga kelele. Mama wa Bukavu akaniwekea mkono kichwani, akasema yule pepo amesikika akiguna. Voilà.

Alikuwa na mkono mzito. Kwa upara huu mafuta yalifika mpaka shingoni.

Walipokwisha, mmoja akaniuliza kwa upole bastola ambayo haipigi inamsaidia nini mwanamume mzima. Nilianza kueleza uzuri wa ufundi wa kale. Wakaimba.

Alhamisi, 13 Machi

Saba hayupo. Nimeinua tairi la akiba. Nimeinua na zulia. Buti tupu.

Domina alikuwa jikoni anakaanga maandazi, mchangamfu, jambo ambalo sijaliona tangu Jumapili. Nikamuuliza. Akanijibu bila kugeuka kwamba amempa mtu.

"Nani?"

"Njuguna. Jeptoo amesema mumewe haogopi vitu hivyo. Hata amesema asante."

Alikuwa amemfunga Saba kwa karatasi ya maandazi.

Nikaendesha hadi Columbia. Njuguna akanipokea kama ndugu, akanitilia chai ya maziwa, akanipa kiti chake mwenyewe. Mapacha walikuwa juu ya meza ya kulia, bega kwa bega. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hiyo. Maua ya Saba yanaelekea kulia, ya Nane kushoto. Kumbe ni tawi moja, linaanza kwa mmoja na kuishia kwa mwingine. Nimekaa na Saba miaka yote hiyo sikujua kwamba ni nusu ya mchoro. Njuguna naye alikuwa ameyainamia yale maua. Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, chai inapoa.

Kisha akaharibu.

"Ndugu yangu, hii story ya laana niliiskia kwa Sebastian. Nilicheka hadi Jeptoo akadhani nimeshikwa na moyo. Nikajiuliza, ni fala gani ameitunga?"

Nikasema hata mimi najiuliza.

Sikuweza kumdai. Ningemrudishaje Saba nyumbani? Domina ameshalala usingizi mzuri mara moja na ananiambia ndiyo uthibitisho. Nikaaga. Njuguna akanirudishia kontena la pilau, limeoshwa.

Jumamosi, 15 Machi

Maonyesho. Meza yangu: bastola tatu kwenye kitambaa cha kijani. Nimezifuta wiki nzima, bado zinanukia zeituni. Mzee mmoja aliinama, akanusa, akauliza kama kuna mkate.

Meza ya Njuguna ilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Sikuiona kwa sababu ya watu. Mapacha kwenye mahameli ya zambarau, na kioo cha kukuzia kimewekwa palepale tawi la waridi linapokutana. Majaji walisimama pale mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Utepe wa bluu. Kwake.

Akaitwa mbele. Akashika kipaza sauti na kusema kwamba heshima hii si yake peke yake, na kwamba Saba alitunzwa vizuri sana na rafiki yake. Akataja jina langu, Festus Rwegasira wa Lanham, akalitamka sawasawa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kwenye ukumbi ule. Akaniita nisimame naye. Watu wakapiga makofi. Tukapigwa picha. Kwenye kadi ya mezani jina langu lilikuwa la kwanza, juu ya lake.

Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Nimeshindwa hata kumchukia vizuri.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yamegeuka!

Njuguna na Jeptoo walikuja baada ya misa wakiwa na sanduku dogo la mti. Ndani, mapacha wote wawili. Njuguna akasema amefikiri, na ameona si haki Saba akae mbali nami, wala si haki kuwatenganisha tena. Kwa hiyo watakaa kwangu mpaka kiangazi, kisha kwake mpaka baridi, hivyo hivyo kila mwaka. Akasema kabati langu lina taa, na droo yake ina soksi.

Sote tukamtazama Domina. Jeptoo akamshika mkono, akamwambia tangu Nane aingie kwao yeye amepandishwa cheo, na tangu Saba amfuate Nane, Njuguna ameacha kukoroma. Laana gani hiyo. Domina akafikiri sana. Akauliza kuhusu kukoroma mara ya pili. Halafu akasema sawa, lakini akiletewa historia nyingine ya mke wa mtu, mimi ndiye nitakayelala kwenye buti. Akacheka. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ile.

Wameondoka sasa hivi. Nimewasha taa ya kabati. Mapacha wamekaa, tawi limekamilika. Machozi yamenitoka kidogo. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna msomaji.

Nimetafakari yote yaliyotokea, kama inavyotakiwa Kwaresima. Nilitaka nini? Mapacha wawe kwenye kabati langu. Wako wapi? Kwenye kabati langu. Kwa hiyo mpango ulifanya kazi. Ulipita njia ndefu, basi.

Wakati wa kuaga Njuguna alinidokeza kwamba juzi amepata kibastola chenye mitutu minne, kidogo kama kibiriti, Mfaransa. Amenionyesha picha. Sijapata kuona nikeli safi vile. Anasema hakiuzi.

Kosa langu la safari iliyopita ni moja tu: niliiachia laana itembee ovyo. Hii mpya nitaitunga kwa uangalifu. Itakuwa na nguvu Columbia peke yake, na ikifika Laurel, nusu ya njia ya kuja kwangu, inakatika. Kesho asubuhi naenda kunyoa.