Mshahara wa Sydney, Nyumba ya Darwin

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye nyumba anauza. Tuhame ndani ya miezi miwili! Mke wangu Kerryn kauliza tutakwenda wapi na tumbo lake hili la miezi sita. Nikamwambia atulie, ana mume mwenye akili. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Nimepiga hesabu. Kununua nyumba hapa Sydney ni mshahara wa miaka kumi na minne, bila kula. Melbourne kumi, bila kahawa, yaani kifo. Hobart bei imepaa, mshahara umelala. Darwin? Sita tu, na nyama unakula! Basi: mshahara wa Sydney, nyumba ya Darwin. Kazi yangu ya bima naifanyia nyumbani kwa kompyuta. Bosi atajuaje? Ajabu taifa zima halijagundua.

Jumanne, 4 Machi
Simu kutoka Adelaide. Lachlan, kaka yake Kerryn. Ana nyumba huko, basi hapumui bila kuitaja. "Shemeji, si nilikwambia ununue huku mapema? Ukasema Adelaide ni makaburini!" Nikamjibu makaburini angalau watu wanajua kunyamaza. Nikakata. Ushindi!

Alhamisi, 6 Machi
Darwin. Kerryn nimemwachia ujumbe mezani. Mvua, joto, jasho hadi kwenye soksi. Kikao cha kazi nimekifanyia hotelini kwa kompyuta, tai shingoni, shuka dirishani. Mjusi wa ukutani akaanza: chik-chik-chik! Bosi wangu, Bi Dragica, akauliza nini hicho. Nikasema king'ora cha moshi, betri imeisha. Akasema yeye kazaliwa Darwin. "Mjusi huyo, Gavan, namjua kuliko ninavyokujua wewe."

Ijumaa, 7 Machi
Hakunifukuza. Mwema mno! Kanihamishia tawi la Darwin, kwa mshahara wa tawi la Darwin. Nikakimbilia nyumba niliyoichagua mtandaoni. Imeshanunuliwa. Na nani? Mume na mke wa Sydney, kila mmoja na kompyuta yake kwapani. Dalali kasema watu wa aina yetu wanakuja kila wiki. Wezi wa mawazo!

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi. Kerryn keshafunga masanduku. Kumbe kapata kazi ya unesi Adelaide, tena aliiomba tangu Januari. Tutakaa chumba cha nyuma kwa Lachlan. Nikauliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia, ungenisaidia." Nikanuna. Akanishika mkono, akauweka tumboni. Mtoto akanipiga teke. Naye!

Jumamosi, 29 Machi
Adelaide. Kazi ya Darwin nimeikataa kwa heshima zote. Lachlan kanifundisha kufungua mlango wake, mara mbili. Kerryn ananawiri, wodini wanampenda, na akiba inapanda polepole. Polepole! Nani ana muda huo? Usiku kucha nimepiga hesabu: mshahara wa migodini, nyumba ya Perth. Ajabu hakuna aliyegundua. Nimemwambia Kerryn nakwenda kununua maziwa. Ndege inaondoka saa nane.