Njama za Kumzuia Profesa Oyugi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Profesa Oyugi ametuambia wakati wa chai kwamba Ijumaa anastaafu. Anarudi kwao Awasi kufuga ng'ombe. Alisema huku akikoroga sukari, kana kwamba ni habari ya mvua.

Kikundi chetu ni watu watatu: yeye, Nasike na mimi. Tunatumia kompyuta kuchunguza jinsi molekuli za magugu maji zinavyonasa madini ya risasi yaliyomo ziwani. Maji yenyewe hatuyagusi.

Nasike alilia kidogo. Mimi sikulia. Nilifikiri. Mzee hawezi kuondoka kazi ikiwa imekwama. Basi itakwama. Kabla ya kwenda nyumbani nilichukua atomu moja ya haidrojeni kwenye molekuli yangu, nikaikalisha juu ya nyingine. Fizikia hairuhusu. Ndiyo raha yake.

Jumanne, 4 Machi
Molekuli imesambaratika kwenye skrini, atomu kila upande. Vizuri sana. Nikaenda kumwita Mzee na uso wa msiba. Kabla hajapata miwani yake, Nasike aliinama begani kwangu, akaiona haidrojeni, akairudisha mahali pake. Akaniambia nisijali, hata yeye huchoka.

Huyu dada ataniharibia maisha kwa wema.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu mpya. Nilimwambia Mzee nimesikia pale Kondele kwamba ng'ombe wa Awasi wameingiwa na ugonjwa wa miguu, afadhali angoje mwaka mwingine. Akashangaa. Jumapili alikuwa huko na ng'ombe wake amezaa salama. Akatoa simu anionyeshe ndama. Picha nyingi. Amemwita Elektroni, kwa sababu huwezi kujua yuko wapi.

Nilijaribu kununa, nikashindwa. Ndama huyo ana masikio mazuri sana.

Alhamisi, 6 Machi
Nasike amempeleka mama yake kliniki. Nafasi ndiyo hii. Niligeuza chaji ya risasi, chanya ikawa hasi. Kosa la kujificha, la kumtafutisha mtu wiki nzima. Mzee akavuta kiti.

Tulikaa alasiri yote tukila njugu, yeye akiuliza, mimi nikijibu kama mtu asiyejua kitu. Hilo halikunisumbua sana. Akanikumbusha siku yangu ya kwanza hapa, nilivyoingia na suti ya marehemu baba, mikono ya koti ikifunika vidole. Alisema alijizuia kucheka kwa kuogopa nisirudi tena. Sikujua kwamba anakumbuka.

Mwishowe alisimama, akakung'uta maganda ya njugu kwenye shati.

"Dishon, nyathina, mwanangu, hiyo chaji ya risasi irudishe iwe chanya."

Nikamuuliza ameiona saa ngapi.

"Nilipoketi tu."

Mbona basi hakusema?

"Njugu zilikuwa hazijaisha."

Ijumaa, 7 Machi
Sherehe ya kuaga. Keki, soda, na hotuba ya mkuu wa idara, ambaye alimwita Mzee Profesa Oyugo mara zote. Kikundi sasa kitaongozwa na Nasike. Nilipiga makofi ya kweli, kwa sababu anastahili, na pia kwa sababu alikuwa akinitazama.

Mzee alinishika mkono, asiuachie upesi. Akasema nisiharibu kazi tena ili mtu abaki. Nimalize tasnifu yangu, hiyo ndiyo zawadi anayoitaka. Nikamwahidi. Nikamwambia nimejifunza, na wakati ule niliamini hivyo. Kisha nikaenda kunawa uso. Nilinawa muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji.

Jumatatu, 10 Machi
Ofisi yake imefungwa. Nasike ameniletea chai bila kuombwa. Asubuhi nzima sikuandika hata sentensi moja ya tasnifu.

Baada ya chakula cha mchana nilimpigia Mzee. Nimemwambia nimeamua kuwa mfugaji. Nahitaji mtu wa kunifundisha kukamua, kila Jumamosi, hadi nitakapoiva. Ukweli ni kwamba naogopa ng'ombe tangu utotoni, hata wakiwa wamefungwa kamba. Lakini huo ni mpango safi, hauna kompyuta ndani yake.

Akasema nije na gambuti. Na tasnifu pia, tutaanza na sura ya tatu.

Hajashuku chochote.