Bawa la Ndege na Koti la Philip

Jumatatu, 3 Machi 1958

Leo nimeacha kazi kiwandani. Miaka yote hii nafunga mikebe ya mananasi hapa Thika na hakuna hata siku moja niliyoitwa injinia. Sasa karakana ya Ruiru, ile ya ndege za kunyunyizia kahawa dawa, imeniita kwenye mahojiano Jumatano. Wanataka mtu wa kutengeneza mabawa. Nikamwambia nyapara Gerishon atafute mwingine wa kuamrisha. Akauliza kama kazi nimeshapata. Swali la kijinga. Mtu akiitwa si amepata?

Mke wangu Nekoye naye akauliza hilo hilo. Eti nyumba ni ya kiwanda, watoto tutawapeleka wapi. Nimemwambia mke wa injinia hababaiki na nyumba.

Jumanne, 4 Machi

Mulei pia ameitwa. Mulei jirani yangu, ambaye kazi yake ni kunoa visu vya mashine na kunyamaza. Huu ni ufidhuli. Nimemwambia mahojiano yamehamishiwa ile hoteli ya maporomoko ya Chania. Akanishukuru, akanipa papai. Nimelila.

Philip, mzee wa kanisa, ameniazima koti lake la harusi. Alisitasita kana kwamba nakwenda kulimia.

Jumatano, 5 Machi

Naandika kwa hasira.

Nilifika Ruiru mapema, nikaketi kwenye benchi peke yangu, roho kwatu. Gari likaingia. Akashuka Mzungu mwenye karakana, na nyuma yake Mulei. Kumbe Mzungu analala hoteli hiyo hiyo ya Chania. Alimkuta Mulei langoni akamhoji njia nzima. Mwenzangu anahojiwa kwenye kiti cha gari, mimi nimewekwa benchini. Hiyo ni haki?

Fundi mkuu, Bwana Virdi, aliniuliza nitajuaje kama ribiti, ile pini ya kubana mabati, imeshika sawasawa. Nikajibu haivuji. Akanitazama, akasema bawa la ndege si mkebe wa nanasi. Dharau tupu.

Kisha tukapewa mabati mawili ya bawa tuyaunganishe. Mimi nipige ribiti, Mulei akinge kwa chuma upande wa nyuma. Nikapiga wasikie hadi Mugutha. Mulei akaninong'oneza, "Dismas, koti." Ujanja wa washindani naujua. Nikazidi kupiga. Nilipoinuka, bawa likainuka nami.

Nikaomba bati likatwe. Virdi akasema, "Bati ni la ndege," akakata koti.

Ijumaa, 7 Machi

Gerishon ameajiri mtu mwingine. Asema mimi ndiye niliyemwagiza. Nyumba tuihame kufikia Jumapili. Nekoye anafunga vyombo, na namna anavyofunga ni matusi.

Philip amefuata koti lake. Nilianza kumwonyesha upande mzuri. Akauliza pindo la pili liko wapi. Nikamwambia ukweli, liko Ruiru. Ameondoka bila kuniombea.

Jumamosi, 8 Machi

Mulei amekuja. Kazi ameipata yeye. Tena amemsihi Virdi anichukue niwe naosha matangi ya dawa, na kuna chumba cha kulala. Nikamuuliza ananifanyia hivi kwa nini.

"Nilipofika pale langoni nilijua umenidanganya," akasema. "Lakini Nekoye na watoto watalala wapi?"

Nekoye akageuka ukutani akajifuta macho kwa leso. Mimi nimeudhika mpaka sasa. Kumbe amemhurumia mke wangu. Kipaji changu hakukitaja hata kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Ruiru. Wiki nzima naosha matangi, nanuka dawa hata mbu hawanisogelei. Nekoye amepanda sukuma wiki nyuma ya chumba, anaimba. Sijui anaimba nini na hali ni hii.

Ila leo nimegundua jambo. Rubani anakohoa, na si kikohozi cha mchezo. Nimemwendea Bwana Virdi nikamdokezea kwamba, lolote likitokea, mimi siogopi kupaa. Akaniambia nirudi kwenye tangi.

Nimerudi. Lakini jioni nimemwambia Nekoye aanze kuzoea kunitafuta kwa kutazama juu.