Feni Sita Chini ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta mpakato yangu imezimika tena. Mara ya tatu tangu asubuhi! Nilikuwa nimefika pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Bibi harusi mwenyewe ni mdogo wa mke wangu, na mama mkwe ameshautangazia ukoo mzima kwamba Jumapili watatazama video ya harusi kwake, kazi ya mkwe wake. Shemeji, kaka wa mke wangu, alijitolea kuihariri kwa kikompyuta chake kisichozidi sahani. Nikamjibu kwamba kazi kubwa inataka kompyuta kubwa. Sasa hiyo kubwa ina joto la kupigia pasi.

Mke wangu ni fundi cherehani, na tunafanyia kazi chumba kimoja. Amesema, bila kuinua macho, kwamba mashine imejaa nyuzi na vumbi la vitambaa, ifunguliwe isafishwe. Nyuzi! Dawa naijua mimi: kibao cha kupozea, kile chenye feni, cha kuweka chini yake.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Muuzaji ameuliza kompyuta ni ya inchi ngapi na inavutia hewa wapi. Maswali mengi kama yuko mahakamani. Nilikuwa nimeshapima upana kwa tepu ya mke wangu: kumi na sita. Nikachukua kibao cha kumi na sita.

Nyumbani, kompyuta imening'inia pande zote mbili kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea. Kumbe inchi za dukani hupimwa kona hadi kona! Mke wangu hakucheka. Ameuliza tu nani amechukua tepu yake. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekibadilisha. Muuzaji akashauri kikubwa chenye feni moja ya taratibu. Nikakataa. Nimechukua cha feni sita, na taa za buluu! Kinanguruma. Karatasi za mishono zimepaa hadi dirishani. Mke wangu amerudia habari ya nyuzi, akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemkumbusha kwamba kwenye kompyuta mkuu ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Sasa inazimika kila dakika kumi. Feni zinavuta hewa ya chini, na huko chini ndiko nyuzi zote za chumba zinakolala. Yaani jana nzima nimeilisha kompyuta nyuzi kwa bidii!

Shemeji amenikuta naipepea kwa kifuniko cha sufuria. Ameuliza kwa upole kama bado sihitaji msaada. Nimesema hapana. Mama mkwe amepiga simu: ameazima viti arobaini. Nimeogopa kweli. Nikishindwa, nitakuwa mkwe wa kukalishwa mlangoni maisha yangu yote.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi nilikaribia kulia. Mke wangu akanisogeza pembeni, akachukua bisibisi na brashi ya cherehani, akaifungua. Alichotoa humo kingejaza mto wa mtoto: nyuzi nyeupe tupu, za gauni la bibi harusi ambalo mke wangu alilishona mwenyewe. Akaifunga, akarudi kwenye kazi yake.

Baridi! Kimya! Bila kibao chochote! Nimemaliza saa kumi jioni. Nimemshukuru. Kwa sauti ya chini, lakini nimemshukuru.

Jumapili, 10 Machi
Vigelegele! Watu wamelia, wamecheka, wameomba irudiwe. Mama mkwe amenishika mkono mbele ya wote, akaniita mwanangu, akauliza nimewezaje. Mke wangu alikuwa amekaa hapo hapo, ananitazama. Nikafungua kinywa nimtaje. Nikasema ni feni sita.

Shemeji ameomba nimwelekeze dukani.

Tangu turudi mke wangu hajanisemesha. Amehamishia cherehani chumba cha pili na kufunga mlango. Masikini, joto limemshinda. Kesho namtafutia kibao cha feni cha kuweka chini ya cherehani. Sitamuuliza kitu, nataka ashtukie zawadi.