Mikia ya Herufi za Hamsatu

Jumatatu, 4 Novemba
Amri mpya maktabani. Zeinabu, binti anayeandika katalogi, katutangazia. Vitabu vyote vilivyoandikwa kwa mkono sasa vitanakiliwa kwa herufi za namna moja. Madoido ya mwandishi basi. Nikauliza, hata mikia mirefu? Akasema, "Mzee Arbonkana, tunachukua neno, hatuchukui mkono."

Nikabeba masanduku yangu. Kitabu cha marehemu baba mkwe kiko foleni. Jina mwishoni ni lake. Lakini macho yalipomwishia, kurasa za mwisho aliandika binti yake, Hamsatu, mke wangu. Herufi zake zina mikia inayopinda juu kama ya paka aliyeshiba. Ikikatwa, Hamsatu hayupo tena popote Timbuktu ila kaburini. Na alinikataza kusema. Heshima ya baba.

Jumanne, 5
Nimempikia Zeinabu chai. Ya kwanza kali, ya pili, mpaka ya tatu tamu. Kanywa zote. Kashukuru. Mikia haiingii. Yehia, mfagiaji mwenzangu, anauliza tangu lini natongoza watoto wa watu. Mshenzi.

Jumatano, 6
Nimemwambia Zeinabu ule mkia ni herufi kamili, ya kizamani. Akamwita mkubwa. Mkubwa akaniomba niitamke. Nikakohoa. Akasema nirudie. Nikakohoa tena. Yehia kaniletea maji.

Alhamisi, 7
Nimesema kweli. Hamsatu atanisamehe. Zeinabu hakucheka. Kasema nilete maandishi mengine ya mkono wake, wayalinganishe na kitabu. Yakifanana, jina lake litaingia katalogi. Jina lake! Ubao wake wa kuandikia aya za Kurani uko nyumbani, juu ya kabati. Nimerudi natembea kama bwana harusi.

Ijumaa, 8
Ubao mtupu. Nilisahau. Wakati wa mvua mgongo ulinishika, nikauosha wino wa aya, nikanywa maji yake, kombe la dawa. La mwalimu sikulitaka. Nilitaka lake.

Nimemweleza Zeinabu. Yehia kadakia, "Basi ushahidi uko tumboni. Dada, mbandike namba huyu mzee, tumpange rafuni."

Jumamosi, 9
Shemeji Safiatu anao ubao mwingine wa dada yake. Nimembembeleza kutwa. Kautoa kama anatoa jino. "Shemeji, usiuloweshe. Hakuna mwingine." Nikamuuliza, mimi mtoto?

Jumapili, 10
Kesho naupeleka. Nimeulaza kitandani, upande wa Hamsatu. Mikia yote ipo. Nimeipitishia kidole, mmoja mmoja.

Mgongo leo umeamka vibaya. Si mgongo peke yake.

Nimeosha mstari wa chini tu. Ladha ya moshi na gundi, kama vidole vyake akitoka kuandika. Nimekaa nao mdomoni, sikumeza upesi.

Zeinabu hahitaji ubao mzima. Juu imebaki mistari mingi.

Huu unaofuata nao mfupi.