Cheti cha Rufaida na Ndoto ya Mamake

Habari ililetwa na Zipporah, ambaye kwa kazi hiyo pale Ngomeni walimbandika jina la Redio. Alikuwa amefika kutoka Adu na gunia la mihogo, na kabla hajalitua alikwisha kuwatangazia mama karanga, wale wanawake wakaangao samaki nyuma ya banda la mizani, kwamba majina ya vijana watakaosomeshwa ubaharia yangefungwa kesho adhuhuri. Kila kijana angepata kwanza cheti cha usalama baharini, kisha achague fani moja tu: sitaha, injini, jiko la meli, au leseni ya kuendesha boti ndogo.

Ummulkheir aliipokea habari hiyo kana kwamba ni ngeni, ingawa ilikuwa imemnyima usingizi wiki nzima. Bintiye, Rufaida, alikuwa amemwambia wazi kwamba hatachukua fani yoyote ambayo mamake hakuitolea radhi. Na radhi hiyo ndiyo iliyokuwa imemkwama kooni kama mwiba wa tafi.

Kijiwe kile hakikuwa na desturi ya kungoja kuombwa ushauri. Kibibi, aliyeitwa Nusu Kilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akinunua zaidi, alishikilia kwamba msichana aende jikoni, kwani mpishi ndiye mtu pekee melini ambaye hata nahodha humwamkia kwa adabu. Zipporah akaupuuza ushauri huo. Mwenye akili, alisema, husomea injini.

"Injini ya nani?" aliuliza Hindu, akigeuza samaki taratibu. Huyu walimwita Kadhi, maana hakuna ubishi uliowahi kumpita bila hukumu.

"Ya meli."

"Nilidhani ni ya mkweo, ile iliyolala kimya tangu Ramadhani."

Zipporah hakukana. Alisema mtoto akiimudu injini ya meli, hicho kidude cha mkwewe kitamshinda nini. Kibibi naye, alipochokozwa, alikiri kwamba ana harusi ya mwanawe mwezi wa Mfungo Saba, na kwamba mtu aliyezoea kulisha meli nzima hawezi kuogopa sufuria la biriani.

"Mtoto hajaondoka," alisema Hindu, "nanyi mmekwisha kumpanga mafungu kama papa."

Ummulkheir aliona upenyo. Alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi, kwamba jambo lenyewe limekwisha, kwa kuwa ameswali istikhara. Zipporah, ambaye Jumapili yake huwa kanisani, aliomba aelezwe, akaelezwa kuwa mtu akitatizwa na chaguo huswali rakaa mbili, akamwachia Mungu amwongoze.

"Nikaota boti," alisema Ummulkheir. "Ndogo, imetulia papa hapa kwetu. Basi ni leseni ya boti. Asubuhi atatoka, magharibi atakuwa nyumbani."

"Istikhara huswali mwenye haja, shoga yangu," alipinga Hindu. "Wewe umemswalia mtu mzima kama mtoto unayemnunulia viatu."

"Haja ni yangu pia."

"Hilo nalikubali," alisema Hindu.

Kibibi akadai kwamba mtu alalaye dirisha wazi mbele ya maboti hana kingine cha kuota. Zipporah akamuunga mkono: huko Adu watu huota mihogo, na hakuna anayeamka akasema ameongozwa. Hata hivyo ndoto ilikuwa imekwisha kuwekwa kikaangoni, na kila mmoja akataka kipande chake. Je, boti ilikuwa na injini? Je, kulionekana moshi wa mapishi? Ummulkheir alijibu kama shahidi aliyekula kiapo. Injini hakuiona, chungu hakikuwapo. Rufaida alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani, na baibui lake la Idi.

Hindu akaweka upawa chini.

"Ikiwa Rufaida alikuwa ameketi, usukani ulishikwa na nani?"

Ummulkheir angeweza kumtaja marehemu mumewe. Angeweza kusema hakuona. Lakini ndoto ya namna ile haitiwi chumvi, hata mbele ya wambea.

"Na mimi," alisema.

Mafuta yalichemka karaini. Kisha mabega ya Kibibi yakaanza kutikisika, na Zipporah akajifunika uso kwa leso.

"Basi Mungu amekujibu," alisema Hindu. "Leseni ya boti ni yako, kajiandikishe. Ya mtoto, muulize mwenyewe."

Ummulkheir naye alicheka, akajifuta macho, akisingizia moshi. Rufaida alikuwa ufuoni akipakia samaki katika beseni. Aliitwa, akaja, akawaamkia wote kwa zamu. Mamake akamwuliza, mbele ya mashahidi watatu wasiofaa kitu, moyo wake unataka nini.

"Sitaha, mama. Boti naipenda, lakini leseni yake inaishia katika maji yetu haya. Siku nikitaka meli, itanibidi nianze upya. Nikianzia sitaha, nitapiga rangi na kufunga kamba, muda wangu wa baharini uhesabiwe, kisha nisomee uafisa."

"Na utakuwa ukirudi lini?"

"Mkataba ukiisha. Huenda miezi sita, huenda tisa."

Ummulkheir alimtazama mwanawe. Kuku havunji yai lake, hilo alilijua tangu utotoni. Lakini hakuna yai lililopata kuwa kuku kwa kukaliwa milele.

"Nenda," alisema. "Radhi yangu unayo, ya kwenda na ya kurudi."

Rufaida alimbusu mkono, akaondoka kwenda kujiandikisha kabla radhi haijafikiriwa upya.

Kibibi alihema, akauliza ni nani sasa atakayembebea Ummulkheir beseni kutoka ufuoni.

"Nyinyi watatu," alijibu Ummulkheir. "Maoni mlikuwa nayo tele. Sasa tuone mikono."

Zipporah alikumbuka ghafla kwamba mihogo yake haijauzwa. Kibibi alikumbuka swala ya alasiri, ingawa mwadhini alikuwa bado sokoni akichagua ndimu. Hindu alibaki peke yake. Alishuka na shoga yake hadi ufuoni, akainama, akashika upande wa pili wa beseni, na tangu pale hadi bandani hakuacha kulalamika kwamba ni zito.